Miongozo ya matoleo ya zamani ya programu isifutwe mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi watengenezaji wa programu za kompyuta, wa hapa nchini na wa nje, waache kufuta miongozo ya matoleo ya zamani kila wanapotoa toleo jipya.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Masasi, na wateja wangu wengi ni vyama vya msingi vinavyopokea korosho za wakulima. Kompyuta za vyama hivyo hutumika mpaka zichakae, na mnada wa korosho ukishaanza hakuna meneja atakayekubali kubadilishiwa mfumo huku magunia yakisubiri mizani. Msimu uliopita programu ya chama kimoja iligoma kutoa ripoti ya uzito. Nilipobonyeza sehemu ya msaada, nilipelekwa kwenye mwongozo wa toleo jipya, unaoeleza menyu ambazo katika kompyuta ile hazipo kabisa, na mwongozo wa toleo letu ulikuwa umeondolewa.

Tofauti ya matoleo si jambo dogo. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, toleo la 2, ukigawanya 7 kwa 2 unapata 3, kwa kuwa namba kamili hugawanywa bila kubakiza desimali. Katika toleo la 3, alama ileile ya kugawanya inatoa 3.5. Fundi anayekagua hesabu za kilo zilizoandikwa kwa toleo la 2 huku akisoma mwongozo wa toleo la 3 ataamini kwamba hesabu ni sahihi, kumbe mkulima anapunjwa.

Wapo wanaofanya vizuri, na ni haki kuwataja. Python 2 iliachwa kuhudumiwa tangu Januari 2020, lakini mwongozo wake bado unasomeka kwenye tovuti yao. PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data ambayo kila toleo lake kubwa huhudumiwa kwa miaka 5, imeacha hata miongozo ya matoleo yaliyokwisha muda, na juu ya ukurasa huweka onyo kwamba toleo hilo halihudumiwi tena, pamoja na viungo vya kwenda ukurasa huohuo katika matoleo mengine. Onyo la namna hiyo linawajibu wanaohofia kwamba msomaji atapotoshwa na maelezo ya kale. Hoja ya gharama nayo siioni, maana maandishi hayachukui nafasi kubwa kwenye seva.

Najua Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, huhifadhi nakala za kurasa nyingi, na imenisaidia mara kadhaa, ila si kila ukurasa umo, na kutafuta neno ndani ya mwongozo mzima uliohifadhiwa huko ni kazi ngumu.

Kwa hiyo naviomba vyama vya ushirika, halmashauri na wengine wanaonunua mifumo waweke sharti hili ndani ya mkataba: mwongozo wa toleo lililonunuliwa ubaki mtandaoni kwa anwani yake, na nakala yake ikabidhiwe kwa mnunuzi siku mfumo unapowekwa.

Fundi Kompyuta,
Masasi, Mtwara