Folda ya Pamoja Ikipotea, Tazama Saa Kwanza

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu Ngamiani, Tanga, na malalamiko ya mtandao wa nyumbani huyaeleza kwa maneno yanayofanana: folda ya pamoja inakuja na kuondoka. Jana ilifunguka, leo asubuhi haionekani, na fundi akifika nyumbani anaikuta imerudi yenyewe. Kosa la namna hii linachosha kuliko lile la kudumu, kwa sababu mtu huwasha na kuzima kila kitu, folda ikarudi, akaamini amepata dawa, kisha baada ya siku mbili yuko palepale. Ndiyo maana kabla ya kuuliza aina ya kompyuta, sisi huuliza folda ilipotea saa ngapi na nini kilitokea nyumbani muda mfupi kabla yake.

Folda ya pamoja hukaa ndani ya kompyuta moja, ambayo hapa tutaiita kompyuta mwenyeji, na kompyuta nyingine huiomba mafaili kupitia ruta. Ili ombi lifike, mwenyeji lazima iwe macho, anwani yake iwe ileile inayotafutwa, pande zote mbili ziwe kwenye mtandao mmoja, na njia ya waya au waifai isikatike katikati. Kila mojawapo ya mambo hayo hushindwa kwa wakati wake, na wakati huo ukiandikwa, fundi anakuwa amepata nusu ya jibu.

Mama mmoja wa Makorora anayeshona sare za shule nyumbani aliweka vipimo vya wateja wake kwenye kompyuta ya sebuleni, naye kijana wake akawa anavisoma kwa kompyuta mpakato katika chumba cha kushonea. Tulimwomba aandike kila mara folda inapopotea. Baada ya wiki moja alituletea daftari la kurasa 64 lenye mistari iliyonyooka: saa 7:40 mchana, saa 10:20 jioni, saa 7:35 mchana, saa 10:15 jioni. Hatukuhitaji kufungua kitu chochote ili kuelewa. Kompyuta ya sebuleni ilikuwa inalala watu walipokwenda kula chakula cha mchana, ikalala tena wakati wa sala ya alasiri, kwa kuwa Windows huilaza kompyuta isiyoguswa kwa muda uliopangwa, na kompyuta iliyolala haimjibu mtu mtandaoni. Tulibadilisha mpangilio wa umeme ili skrini izimike lakini kompyuta yenyewe isilale, tukaizuia pia kadi ya mtandao isizimwe kwa ajili ya kuokoa umeme, na kazi ikaishia hapo.

Usichanganye hali hiyo na alama nyekundu ya msalaba inayojitokeza kwenye ikoni ya folda baada ya dakika 15 bila matumizi. Mwenyeji huyakata maunganisho yasiyotumika ili kupunguza mzigo, na ukiibofya folda inafunguka baada ya sekunde chache. Hiyo si hitilafu, wala haifai kumlipa fundi kwa ajili yake.

Folda ikipotea kila umeme unapokatika na kurudi, shuku anwani. Ruta hugawa anwani za IP, yaani namba zinazokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, kwa mkopo wa muda, mara nyingi wa saa 24, na vifaa vinavyowahi kuwaka ndivyo vinavyowahi kupewa. Tuseme kompyuta mwenyeji ilikuwa 192.168.1.5 juzi, umeme ukarudi, simu tatu za watoto zikashika mtandao kabla yake, nayo ikajikuta 192.168.1.8. Njia ya mkato iliyoandikwa kwa anwani ya zamani sasa inabisha hodi kwenye simu. Wakati mwingine kompyuta huwaka kabla ruta haijawa tayari, ikajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na hapo haitaongea na wenzake mpaka ipate anwani halali. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuitengea kompyuta mwenyeji anwani moja ya kudumu kwa kufuata anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Kazi hiyo huchukua kama dakika kumi. Tunashauri pia ruta iwekwe kwenye UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya umeme, maana ruta inatumia umeme kidogo sana na inaweza kuvuka katizo fupi bila kuzimika.

Kuna nyumba ambazo folda ilikuwa salama mpaka siku ilipoletwa ruta mpya. Mara nyingi ruta ya zamani huachwa palepale iendelee kuwaka, kompyuta moja ikabaki kwake na nyingine ikahamia kwenye mpya, na japo zote mbili zinapata intaneti, kila moja iko kwenye mtandao wake. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye kila kompyuta, andika ipconfig, ulinganishe anwani za IP: ikiwa ya moja inaanza na 192.168.1 na ya nyingine 192.168.8, umekwishapata chanzo. Waifai ya wageni nayo huzitenganisha kompyuta kwa makusudi. Hata ikiwa ruta ni moja tu, Windows huuona mtandao mpya kuwa mtandao wa hadharani, ikafunga milango ya kushirikiana mafaili. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uubadilishe kutoka "Public" kwenda "Private". Fanya hivyo nyumbani kwako tu, usifanye hotelini wala kwenye mgahawa.

Jambo linalotupa kazi kubwa zaidi hapa Tanga ni kupotea kusikokuwa na saa maalumu. Hapo tunaanza kuitilia shaka njia yenyewe. Kwenye dirisha la amri tunaandika ping -t, amri ya kuibishia kompyuta hodi mfululizo, pamoja na anwani ya mwenyeji, tunaacha mistari itiririke kwa nusu saa, jibu moja kila sekunde. Kwa waya mzima majibu hurudi chini ya milisekunde 1, yamepangana kama shanga. Waya ukiwa mgonjwa, mistari kumi hupita vizuri, miwili ikakosa jibu, kisha ikaendelea kana kwamba hapakuwa na tatizo. Kwenye nyumba moja ya Raskazone, dirisha la chumba cha kompyuta linatazama baharini, na tulipochomoa kichwa cha waya tukakuta kutu ya kijani imeota kwenye vijipini viwili kati ya vinane. Hewa ya chumvi haimsamehei mtu. Waya wa mtandao una nyuzi nane, na kasi ya gigabiti moja inazihitaji zote. Uzi mmoja ukilegea, kadi inashuka hadi megabiti 100 au inakata na kuunganisha mara kwa mara. Tulikata kichwa hicho, tukabana kipya kwa koleo, tukausogeza waya mbali na dirisha. Tunawasihi wateja wasinunue waya wa alumini uliopakwa shaba kwa sababu tu ni wa bei nafuu, kwani hukatika kwa ndani ukikunjwa bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje.

Waifai nayo hudhoofishwa na kuta nene za mawe za nyumba za zamani, na tangi la maji lililosimama kati ya ruta na kompyuta linaziba mawimbi vizuri kuliko ukuta wa kawaida. Anayetunza hesabu za duka kwenye faili la Excel na kulifungua kupitia waifai dhaifu yumo hatarini: mtandao ukikatika akiwa anahifadhi, faili linaweza kuharibika, au likabaki faili dogo lililofichwa, ambalo jina lake huanza na alama ~$, likamwambia kila mtu kwamba hesabu zimefunguliwa na mtu mwingine ilhali hakuna aliyezifungua. Kwa kazi ya hesabu, waya ni lazima.

Ikiwa folda inaonekana lakini nenosiri linakataliwa, kumbuka kwamba PIN unayofungulia kompyuta haifanyi kazi kupitia mtandao, na kwamba akaunti isiyo na nenosiri huzuiwa. Tengeneza akaunti ya ndani yenye nenosiri kwenye kompyuta mwenyeji, uitumie kwa kushirikiana tu.

Na ikiwa folda ilipotea baada ya sasisho kubwa la Windows, tafadhali usifuate ushauri unaozunguka wa kuirudisha SMB1 au kuzima ukuta wa kinga (firewall). SMB1 ndiyo lugha ya zamani ya kushirikiana mafaili. Virusi vya WannaCry, vilivyofunga mafaili ya watu na kudai malipo, vilipita kwenye udhaifu wake Mei 2017, na tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya haiji nayo. Kifaa cha zamani kisichojua lugha nyingine, kama diski iliyochomekwa kwenye ruta ya miaka mingi, afadhali kiondolewe na mafaili yahamishiwe kwenye kompyuta. Tumewaona waliopoteza picha za harusi na hesabu za miaka kadhaa kwa sababu ya mlango mmoja ulioachwa wazi, na hatuna namna ya kuwarudishia.

Ukituita nyumbani, tuandalie daftari lenye saa za siku tano au zaidi, nenosiri la ruta, na nakala ya mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Diski hiyo ichomoe kabla hatujaanza kazi.