Malalamiko: mashapu yangu mliyoitoa hewani na yule mtu wenu wa chati

Kwa menejimenti, kitengo cha hakimiliki, na yeyote aliye juu yao,

Salamu. Nitajitahidi kuandika kwa adabu, ila mjue mapema kwamba nimekasirika, na sitaki barua hii ijibiwe na boti wala na yule mtu wenu wa sapoti ambaye habari zake nazieleza hapa chini.

Sera zenu mnazijua, mmeziandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Video yangu ya mashapu, yaani vipande vya matangazo ya sabuni nilivyounganisha na muziki, mmeitoa, straiki (onyo la hakimiliki kwenye akaunti) mmenipiga, na upingaji, yaani maelezo yangu ya kulikataa dai, niliojaza kwenye fomu yenu haukufika kwa aliyelalamika kwamba nimetumia rekodi yake, kwa sababu mtu wenu aliukalia. Nilipomuuliza kwenye chati kwa nini hajaupeleka, alinijibu hivi, na picha ya skrini ninayo: "Tengeneza kitu chako mwenyewe ndio hutapata matatizo." Kisha akafunga chati nikiwa bado natype. Kitu changu mwenyewe, jamani!

Hebu niulize, kuna mtu hata mmoja huko kwenu aliyeitazama hiyo video? Ni matangazo ya zamani ya sabuni, yale ambayo mwanamke anafua weee halafu mwishoni anatokea mwanaume, ananusa shati, anatabasamu. Nikakata wanaume wote pale wanaponusa tu nikawapanga mmoja baada ya mwingine, kila pua inavuta hewa juu ya biti, mwanzoni unacheka halafu baada ya muda inaanza kukukera, na hilo ndilo nilikuwa nalitafuta. Kuoanisha pua na biti ni kazi ya fremu kwa fremu, ukichelewa fremu mbili tu utani wote umekufa. Wimbo niliosampo, yaani niliochukua kipande cha rekodi yake, nimeukatakata, nikashusha sauti, sehemu nyingine nimeugeuza unaimba kinyumenyume, anayeujua ndiye atautambua na asiyeujua atadhani ni upepo.

Sasa notisi mliyonitumia inasema sehemu yenye shida ni dakika 0:41 hadi 0:47. Humo hakuna wimbo wowote! Ni mimi nagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko cha mbao, nilirekodi kwa simu, faili ghafi ninalo, ukivaa hedifoni unasikia mpaka mbwa anabweka kwa mbali. Hiyo ndiyo "rekodi ya mlalamikaji". Kipande nilichosampo kweli kipo mbele zaidi na wala hawakukigusa. Mtu aliyetazama hawezi kudai hivyo, na mtu aliyetazama hawezi kukubali dai kama hilo.

Na kabla ya hapo, maana hili sikulisema juu, mlishanichukulia mapato ya tangazo kwenye video nyingine kwa sababu ya roketi. Picha za roketi za NASA! Kazi ya serikali kuu ya Marekani haina hakimiliki kule kwao, kifungu cha 105 cha sheria yao ya hakimiliki, lakini kituo fulani cha televisheni kilizirusha kwenye taarifa ya habari, kikapakia kipindi kizima kwenye mfumo wenu wa kulinganisha video, basi mfumo ukaamini roketi ni yao. Nilinyamaza. Nikasema hela yenyewe ndogo, tusigombane. Kumbe kunyamaza ndiko kulikowapa kiburi.

Huyo mtu wenu aliniambia video ikishakuwa na matangazo ya kuingiza hela, basi matumizi ya haki, yaani ruhusa ya sheria ya kutumia kazi ya mtu bila kumwomba, hayapo tena. Nani kamfundisha? Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1994, kwenye kesi ya Campbell na Acuff-Rose, kwamba kazi kuwa ya biashara peke yake haimalizi hoja, unaangalia pia kama umeongeza maana mpya. Kifungu cha 107 cha sheria hiyohiyo ya hakimiliki kina vigezo vinne vya matumizi ya haki na korti inavipima vyote pamoja. Akaniambia tena kuna "sekunde zinazoruhusiwa". Hazipo! Hakuna mahali kifungu hicho kinataja sekunde. Kwenye kusampo rekodi za muziki hata mahakama zao za rufaa zimepishana, moja mwaka 2005 ikasema usichukue hata kidogo bila leseni, nyingine mwaka 2016 ikakataa msimamo huo. Majaji wamepishana wao kwa wao, halafu kijana wa chati ana jibu tayari.

Na huyo mlalamikaji naye alitakiwa afikirie matumizi ya haki kabla hajatuma notisi, ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 2015 kwenye kesi ya Lenz, yule mama aliyeweka video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza muziki. Amefikiria nini huyu aliyedai kifuniko cha sufuria?

Turudi kwenye ile chati, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Nilianza vizuri tu, "habari ya kazi ndugu", nikambandikia muda wa dakika, nikamwambia faili ghafi ninalo nitume wapi. Kimya. Vile vidoti vitatu vinachezacheza, vinapotea, vinarudi. Nikadhani anaisikiliza. Kisha ikaja: "Tengeneza kitu chako mwenyewe ndio hutapata matatizo." Mtu anamwambia hivyo aliyekesha anapanga pua kwenye biti! Nikaanza kumwandikia kwamba upingaji sio ombi la hisani, kwamba yeye sio jaji, kazi yake ni kuupeleka tu, na kabla sijamaliza sentensi chati ikafungwa na kikatokea kiboksi kinaniuliza huduma ilikuwaje, nichague nyota. Nyota! Na maandishi niliyokuwa natype yakafutika yote.

Nilipoanza barua hii nilitaka mrudishe video na mfute straiki, basi. Ila nikisoma tena picha za skrini naona haitoshi. Nataka pia mapato ya ile video ya roketi, yote, tangu siku dai lilipowekwa. Nataka maelezo kwa maandishi kutoka kwa msimamizi wa huyo kijana, na aseme wazi kama aliitazama video au hakuitazama, jibu ni ndiyo au hapana.

Na msinitumie ile meseji ya "tunathamini mchango wako". Fomu yenu yenyewe inataja sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki za kidijitali, DMCA, na ndani yake kuna utaratibu: upingaji uliojazwa sawasawa mnampelekea mlalamikaji, naye asipoenda mahakamani video inarudi kati ya siku 10 na 14 za kazi. Kinga yenu dhidi yangu kwa kuitoa video inategemea mfuate hatua hizo. Hamkuzifuata. Nimeujaza upingaji upya leo na nakala imeambatanishwa hapa pamoja na chati, faili la sufuria na notisi yenu. Kuanzia leo nahesabu. Siku ya 14 ya kazi ikipita bila video kuwa hewani, faili lote linaenda kwa wakili, la kwenu na la huyo mlalamikaji, maana kifungu cha 512(f) cha sheria hiyo kinamhusu anayedai uongo huku akijua. Na chati nzima nitaiweka hadharani, ila jina la kijana nitalifuta.

Mwenye akaunti mliyoipiga straiki