Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: tupe namba ya hewa ya leo

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Usiku wa kuamkia Jumapili mwanangu wa miaka saba, mwenye pumu, alishindwa kupumua. Kifua kinalia kama filimbi, ngozi kati ya mbavu inavutwa ndani, na inhela niliyompulizia mara nne haikufua dafu. Nje moshi ulikuwa umetanda mpaka taa ya barabarani imebaki duara la njano. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni nisijue kama namtoa kwenye hewa mbaya au nampeleka kwenye mbaya zaidi. Tulirudi kutoka hospitali alfajiri. Anaendelea vizuri, asante kwa kutouliza.

Ndipo nikaikumbuka mashine yako ya kupimia hewa. Ipo juu ya paa la ofisi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu. Ukisimama chini unaisikia feni yake ikinguruma. Utepe ulikata wewe mwenyewe, ukatuahidi kwamba kila mwananchi ataijua hewa anayoivuta. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga sana.

Jumatatu nikafungua tovuti. Penye ubora wa hewa kuna kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha yanatokea maneno "hakuna taarifa". Nikapiga simu, nikaambiwa niandike barua ya maombi na nieleze sababu ya kutaka takwimu. Sababu! Navuta hewa, Mheshimiwa. Mwishowe karani mmoja mpole (sina ugomvi naye) akanielekeza kwenye ripoti: wastani wa mwaka juzi. Yaani nikitaka kujua kama mtoto acheze nje leo, nisubiri mwaka kesho kutwa.

Nimelazimika kujisomea. Vumbi baya zaidi ni lile lenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, unywele mmoja unalizidi unene kama mara thelathini, ndiyo maana linapenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza viwango: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, wa saa 24 usizidi 15. Mashine yako inapima vumbi hilohilo. Basi namba ya usiku ule ipo kwenye kompyuta fulani, na aliyekuwa akiihitaji alikuwa barabarani na mtoto mgongoni.

Jirani yangu amenunua kifaa kidogo cha kupimia. Kila asubuhi tunamwuliza namba kama watu wanavyoulizana matokeo ya mpira. Kina kasoro: unyevu ukizidi, kinahesabu ukungu kama vumbi. Kingeweza kusahihishwa kwa kulinganishwa na mashine ya serikali, ila ndiyo hivyo, ya serikali ni bubu. Huyo jirani anaapa moshi unatoka kiwandani. Mimi naushuku ule moto wa jalalani usiku. Tunagombana bure, na jibu liko juu ya paa.

Labda mnahofu tutataharuki. Tumeshataharuki.

Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua mazingira safi kuwa haki ya binadamu. Mimi hewa safi yenyewe sijaifikia. Naomba namba. Namba ya kila saa, iwe kwenye tovuti, isomwe redioni baada ya utabiri wa hali ya hewa, itumwe kwa ujumbe mfupi kwa wenye simu za kitochi. Na iwe namba kweli, si rangi ya kijani ya kutuambia hewa ni nzuri peke yake. Rangi mnaweza kuipaka wenyewe.

Kama hayo yote ni mazito, basi mlinzi abandike karatasi getini kila asubuhi. Nitakuja kuisoma kwa miguu.

Wako,
Mzazi wa mtoto mwenye pumu