Sijambo ya Mama

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeikosa mwezi wa saba sasa. Mimi ndiye mkubwa, nilitakiwa kusubiri uniamkie, lakini nikisubiri tutazeeka wote wawili. Basi haya, naanza mimi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu umenibloku kote, na mama mdogo anasema hapa huwa unapita usiku ukiwa kwenye cherehani. Kama mama mdogo kanidanganya, basi ninyi wengine mnisamehe, haya ni ya nyumbani.

Ameniambia na jingine. Kwamba ukikosea mkato, au mteja akikukimbia na hela yako, au hata wali ukiungua, unasema kwa sauti: "Mimi mkosi mimi. Mimi ndiye niliyemuua mama." Ati unasema huku mguu uko kwenye pedeli, kama mtu anayehesabu vifungo. Watoto wa jirani wameshazoea, wanakuigiza. Hilo ndilo lililonikalisha chini, maana nilikuwa nimeapa sitaanza.

Najua utasema, "Yule naye na maneno yake." Sawa, maneno yangu. Tuanzie hapohapo.

Mwaka wa kwanza Muscat nilikuwa nalala kwenye chumba cha kupigia pasi. Hukuwahi kuniuliza nalala wapi, na mimi sikusema. Saa kumi na moja alfajiri niko jikoni, saa sita usiku bado nina mashati. Usiku mmoja nikasoma kwenye simu habari za Mfaransa mmoja, Émile Coué, mfamasia aliyekuwa na duka la dawa mji wa Troyes, baadaye akawa anapokea wagonjwa Nancy mpaka alipofariki mwaka 1926. Aliona kwamba mteja aliyepewa dawa pamoja na maneno ya kuisifu hupata nafuu kuliko yule aliyekabidhiwa kimyakimya. Akaanza kuwapa watu sentensi moja: kila siku, kwa kila hali, nazidi kuwa bora. Mara 20 asubuhi, mara 20 kabla ya kulala, wakihesabu kwa kamba yenye mafundo 20.

Nilicheka peke yangu. Tasbihi ya Kifaransa! Lakini nilichomoa uzi kwenye pindo la shuka nikafunga mafundo 20.

Na usiniambie ni upuuzi. Mimi niliyekuwa naogopa kuuliza bei ya nazi sokoni, unanijua, mwaka wa pili nilimwendea mwajiri mbele ya wageni wake nikamwomba pasipoti yangu mkononi. Akanipa. Baada ya hapo nikahama, nikapata nyumba yenye mshahara wa maana. Insulini ya mama ilitoka wapi? Bati jipya je? Hiyo cherehani ya umeme unayoikalia sasa hivi unaponisoma na kunisonya, ilitoka kwenye mafundo yale. Sikusimangi. Nasema tu.

Kwa hiyo kidonda cha mama kilipoanza, nilimtumia dawa niliyokuwa naijua. Nikafunga uzi mwingine, mweupe, nikampa yule dada wa Chumbageni aliyekuwa anarudi. Mama aliponipigia kunishukuru akasema, "Mwanangu, mimi tasbihi ninayo." Nikamjibu kwamba hiyo ni ya Mungu, hii ni ya mwili wako. Nilijiona nimesema neno zito kweli.

Halafu zile simu za Ijumaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe hujambo?"

"Sijambo, ila huu mguu..."

"Mama! Tulisemaje?"

"Haya. Sijambo."

Nikikata simu nalala usingizi wa mtoto.

Mambo haya tuliyafundishwa tukiwa wadogo bila Mfaransa yeyote. Mtu wa kwetu hata kama yuko matangani, ukimuuliza habari atakuambia nzuri, ila tumefiwa. Njema inatangulia, msiba unafuata nyuma. Sijambo, sina jambo, halafu anavuta pumzi, halafu ila. Mama alizaliwa ndani ya ila hiyo. Kila Ijumaa akiifikia, mimi namkatiza.

Sasa ile siku ya tatu.

Nilikuwa nimefika usiku wa jana yake, nimekuta kaburi bichi. Mama alizikwa siku ileile kama inavyotakiwa, sina lawama na hilo, ila ndege haijui mambo ya kuwahi maziko. Tuko uani, wanawake wanamenya vitunguu, mimi nimekaa mkekani nikiwahadithia jinsi mama alivyokuwa imara, kwamba Ijumaa ya mwisho aliniambia kwa kinywa chake hajambo. Ukaweka kisu chini. Ulikiweka taratibu, nadhani taratibu ile ndiyo inayoniuma. Ukaingia ndani, ukatoka na kifuko ulichokishona kwa khanga kuukuu ya mama, ukanimwagia mapajani. Pamba. Bandeji zilizofuliwa, zikaanikwa, zikakunjwa kama nepi za mtoto. Mkasi wako mdogo wa kukatia nyuzi. Na kilichokuwa kimefunga mdomo wa kifuko kile ni uzi wangu. Mafundo yote 20, meupe vilevile, halikuguswa hata moja.

Ukasema, "Simu yako ikikaribia alikuwa ananihimiza nifunge kidonda haraka, asije akaguna ukamsikia. Mama amekufa anakufurahisha wewe."

Kitunguu kimoja kiliviringika kikaenda mpaka kwenye karo. Nyuso za watu sizikumbuki tena, kitunguu kile nakikumbuka.

Sijakusamehe. Si kwa ulilolisema, ni kwa kulisema mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Ngamiani. Ungeniita chumbani. Ungenipiga kofi, ningelipokea. (Najua, na mimi leo nakuanika mbele ya watu. Basi tumelipana.)

Tangu siku hiyo nimesoma kuhusu kisukari kuliko nilivyowahi kusoma darasani. Kikikaa mwilini muda mrefu huharibu neva, miguu inakufa ganzi, mtu anaweza kukanyaga msumari akatembea nao. Kwa hiyo mama aliposema hakiumi, huenda hakuwa ananificha. Huenda kweli hakikumuuma. Hiyo "huenda" nimeikumbatia miezi saba, naamka nayo, nalala nayo. Lakini mwenyewe ulisema aliguna. Na kidonda kina harufu, na harufu haipiti kwenye simu. Hiyo nilikuachia wewe.

Nikasoma na jingine ambalo sikulipenda. Mwaka 2009 mwanasaikolojia wa Kanada, Joanne Wood, na wenzake waliwaambia watu wajirudie sentensi ya kujisifu, kwamba mimi ni mtu wa kupendeka, kila ikilia kengele. Wale waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Wale waliokuwa wanajiona duni wakazidi kuumia, kwa sababu kila wakisema, moyo unawajibu: mwongo. Nilisoma nikiwa jikoni, na mimi huku naishi kwa kengele, nikakaa juu ya ndoo ya mchele. Mimi nilipojiambia nitaweza, kuna mahali ndani nilikuwa najua nitaweza. Mama alijua kidonda chake. Kila fundo lingemjibu.

Lakini sikubali kwamba maneno hayana kazi, na hapa nakuomba unisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza zamani, kabla hujakua.

Unakumbuka saa tisa usiku? Sisi tumelala chini ya chandarua kile kilichotoboka, mama anahangaika na mkaa. Alikuwa hasemi mimi nina nguvu, mimi mshindi, hayo ya siku hizi. Alikuwa anajigombeza. "Wewe mwanamke, inuka. Vitumbua vimeumuka, wewe umelala unamsubiri nani? Haya, mguu chini. Huo. Na wa pili." Halafu mafuta yanaanza kulia kwenye chuma, na kile kijiti chake kinageuza, kimoja kimoja, kuanzia pembeni, hadi wanapiga adhana ya alfajiri. Mimi nilidhani anatusema sisi. Siku moja nilikojoa kitandani kwa hofu, nikakusingizia wewe. Basi leo umejua.

Kuna mtaalamu wa Michigan, Marekani, Ethan Kross, mwaka 2014 yeye na wenzake walionyesha kwamba mtu anayejiandaa kuhutubia mbele ya watu akijisemesha kwa jina lake au kwa "wewe", badala ya "mimi", hofu inapungua na anahutubia vizuri zaidi. Ni kama anamshauri mtu mwingine, na mtu mwingine huwa tunamwonea huruma. Mama hakuhitaji kwenda Michigan.

Wewe ukiwa kwenye cherehani unasema "mimi". Mimi mkosi, mimi nimeua. Hebu jaribu siku moja kujisemesha kama mama, kwa vitu vilivyotokea kweli. Wewe, ulisafisha kidonda asubuhi na jioni miezi 11. Wewe, ulimbeba mgongoni kwenda hospitali siku bajaji ilipogoma kuingia kwenye maji. Wewe, ulifua bandeji. Sikwambii ujisifu. Nakwambia uhesabu.

Mama mdogo anasema kule hospitali mtu mmoja alikuambia mngemleta mapema. Naona ndilo neno unalolishonea. Mngemleta, alisema, na wewe umelibeba peke yako, wakati mimi ndiye niliyekuwa nashika hela na nikasema tusubiri kidogo, mama mwenyewe anasema hajambo.

Nimeliandika. Nilikuwa nazunguka tangu aya ya kwanza.

Baba naye na bondia wake Muhammad Ali wa pambano la Kinshasa, unakumbuka alivyokuwa anatuchosha? Oktoba 30, 1974, raundi ya nane, Foreman chini. Mimi nilichukua ile sehemu ya mdomo, kwamba Ali alijiita mkuu kuliko wote mpaka dunia ikakubali. Nimeisimulia hapa mara ngapi. Lakini baba alikuwa anaanzia pengine kabisa: raundi zile zote Ali ameegemea kamba, anapigwa mbavu na kijana wa miaka 25. Alikuwa anasema mdomo ulimpeleka ulingoni, zilizolipa ni mbavu. Katika nyumba ile mimi nilikuwa mdomo, wewe ukawa mbavu. Hukuniambia ubadilishwe, nami sikuuliza.

Chuma cha vitumbua nasikia umekiazimisha. Kirudishe nyumbani, usiache kikapate kutu kwa watu. Uzi ule nilikuachia pale mkekani kwa hasira, sijui ulikwenda wapi. Kama bado upo, fungia chochote unachotaka.

Ijumaa hii nitapiga baada ya Isha. Niondolee hiyo bloku hata kwa saa moja. Nitakuuliza hujambo, na wewe utasema sijambo, hatuna namna nyingine ya kuanza. Kisha endelea na ila. Nimenunua bando la kutosha.

Dada yako