Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, pamoja na maelezo ya ile hela ya wakili

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafanyabiashara wadogo wa mpakani, mama zangu, kaka na dada zangu wa Namanga hapa mpakani na Kenya, salaam sana. Taarifa hii naiweka hapa kwenye grupu kwa sababu siku ya mkutano mkuu walikuja watu wa kuhesabika, nikaona nikisoma pale nitakuwa navisomea viti. Kila mtu aisome kwa nafasi yake na baadaye asiseme hakuambiwa.

Mambo ya kawaida mnayajua sitayakalia. Semina ya cheti cha uasili wa bidhaa, ile karatasi ya kuonyesha mzigo umetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilifanyika, semina ya Eneo Huru la Biashara Afrika nayo ilifanyika na soda zilitosha, Siku ya Wanawake tulikuwepo, wenzetu wawili tuliwazika kwa heshima, wanachama wapya 9 na waliojitoa 6. Hesabu: tuko 140, ada ni 5,000 kwa mwezi, kwahiyo mwaka ilitakiwa 8,400,000, imeingia 3,200,000 na 5,200,000 iko mifukoni mwenu. Matumizi yote 2,950,000, mhazini ana risiti, anayetaka amfate dukani kwake asimpigie usiku.

Sasa nije kwenye lile linalosemwa pembeni. Inasemwa mwenyekiti amekula hela ya misiba. Sijala. Ilitoka 860,000 kwenye mfuko wa misiba ikaenda kwa wakili Arusha na nauli, na ningeulizwa tena leo ningefanya vilevile.

Mwenzetu mmoja, jina siliweki mnamjua, alizuiliwa magunia 12 ya maharage kwenye kituo kingine cha mpaka, sio hapa kwetu. Cheti cha uasili alikuwa nacho, kile cha wafanyabiashara wadogo cha mzigo usiozidi dola 2,000. Maofisa wa pale wakamwambia kuna karatasi nyingine hana. Sawa, inawezekana, maana hata kwenye semina nilisema mpaka sauti ikakauka kwamba cheti kile kinakuondolea ushuru wa forodha tu, cheti cha afya ya mimea unatakiwa uwe nacho pembeni, na kwa mahindi kuna kipimo cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kisichozidi 10 ppb, yaani sehemu 10 kwa bilioni. Lakini unazuia mzigo wa mtu bila kumpa hata stakabadhi? Alichopewa yule mama ni namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu nyuma ya kipande cha boksi la sigara, hakuna muhuri, hakuna jina. Alipopiga ile namba akaambiwa aje jioni, peke yake. Nadhani watu wazima tumeelewana.

Ndio maana nikasema hili sio la maharage tena, ni la utu wa mtu. Nikaitisha mkutano. Akidi haikutimia. Nikaitisha tena, haikutimia, wengine mlinitumia meseji mko mnadani na mlikuwa kwenye mpira nawaona kwenye stetasi. Katiba yetu inasema kutoa zaidi ya 500,000 lazima mkutano upitishe, sasa mkutano wenyewe haukai nifanyeje? Tukatoa 430,000, wiki iliyofata tukatoa 430,000 nyingine. Kuna wanaosema tuligawa makusudi ili tukwepe katiba. Mimi nasema tulitoa kadri mahitaji yalivyojitokeza, na mhazini alisaini zote mbili kwa hiari yake.

Tulipofika kwa wakili ndio tukaelezwa habari ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama anaweza kwenda pale, sio lazima uwe kampuni, na sio lazima uanze na mahakama za nyumbani. Ila humshtaki yule ofisa, unaishtaki nchi. Kuhusu haki za binadamu, mahakama ile haijapewa rasmi kusikiliza kesi za namna hiyo, lakini toka kesi ya Katabazi na wenzake iliyoamuliwa palepale mwaka 2007 ilishasema haitakataa shauri la kuvunjwa kwa Mkataba wa Jumuiya eti kwa sababu tu ndani yake kuna malalamiko ya haki za binadamu, na Mkataba wenyewe kifungu cha 6 unataja haki hizo. Mimi niliposikia hivyo nilifurahi kweli. Halafu akauliza ni lini mzigo ulizuiliwa, tukamwambia, akaweka kalamu chini. Muda ni miezi miwili toka kitendo kitokee au toka ukijue. Ilikuwa imepita. Miezi miwili hiyo sisi tulikuwa tunasubiri akidi.

Kwahiyo wanaosema hela imeenda bure waniambie nani aliichelewesha. Na haikwenda bure, wakili aliandika barua moja ya kurasa mbili, magunia 8 yakarudi, 4 yalishaharibika kwa unyevu. Wale waliosema tukiishtaki serikali chama kitawekewa alama nyekundu, mbona barua imeandikwa na hakuna aliyewekewa alama?

Na hoja kwamba mambo haya tuwaachie wakubwa, mnakumbuka Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, malori yakapanga foleni hapa, siku chache tu zuio likaondolewa kwa masharti. Lile lilikuwa la malori, mawaziri wakaongea. Magunia 12 ya mama mmoja hakuna waziri atakayeyapigia simu. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lipo toka Julai 2010, sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru ipo toka 2017, lakini bila mtu wa kulalamika kwa maandishi zinabaki karatasi, na huyo mtu mwaka huu nilikuwa mimi.

Mwaka ujao Mungu akipenda tuna mpango wa kuwa na wakili wetu wa kudumu, pia tunaongea na wadau kuhusu ghala, na mfuko wa misiba utarudishiwa hela yake pale ada zitakapoingia. Zikiingia.

Kuhusu uchaguzi, nasikia kuna wanaokitaka kiti, karibuni sana, fomu ziko kwa katibu. Mwenye deni la ada hapewi fomu, hilo liko kwenye katiba ukurasa wa 4, sijalitunga mimi.