Barua kwa mwanangu: kurasa 34 za filamu ya dakika 10

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni juu yako wewe uliye mjini peke yako. Bibi yako goti linamsumbua tangu mvua zianze, lakini mdomo haujambo.

Skripti ya filamu yako imefika. Nilikwenda kuichapisha steshenari, kijana akanihesabia karatasi 34, nikadhani amechanganya na kazi ya mtu mwengine. Juu umeandika "filamu fupi, dakika 10". Mimi nimesomesha Kiswahili skuli miaka ishirini na ushee, filamu siijui. Basi nikakaa wiki mbili na simu, usiku wa manane bando linapokuwa rahisi, nikitafuta wenye kazi yao wanasemaje. Mama yako akadhani nimepata mke wa pili.

Tuanze na hizo karatasi. Waandishi wa filamu wa Marekani hutumia hati ya Courier, ukubwa wa 12, ile iliyofanana na ya taipureta, kila herufi upana wake sawa. Kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukisiwa kuwa dakika moja ya filamu. Ni makisio, lakini yako yamepita nusu saa. Ama ufute hiyo "dakika 10", ama ushike mkasi. Mimi nasema mkasi.

Najua kompyuta yako imekufa kioo. Usiingoje. Kuna mtindo wa kuandikia skripti unaitwa Fountain, maandishi matupu yasiyo na mapambo, unaweza kuandika hata kwenye simu ya bei ndogo ukayatuma kwa WhatsApp. Onyesho linaanza na INT. kama ni ndani, EXT. kama ni nje. Jina la msemaji liwe kwa herufi kubwa kwenye mstari wake, na maneno yake yafuate chini. Programu inayoufahamu mtindo huo itakupangia kurasa yenyewe. Na hapa nilicheka peke yangu gizani: ukitaka kuandika Kiswahili, tia nukta mbele, ".NDANI. JIKONI - USIKU", itajua kuwa hicho ni kichwa cha onyesho. Nukta moja tu! Siku ukipata kompyuta, chukua Trelby, programu ya kuandikia skripti, ni ya bure. Zile za kununua ziache kwa wenye studio.

Hayo utayajua kwa wiki moja. Lililonikosesha usingizi liko ukurasa wa 6, pale mama anaposema: "Nina huzuni kubwa kwa sababu mwanangu ameondoka bila ya kuniaga." Nani husema hivyo?

Siku ami yako alipopanda boti bila ya kuaga, wewe ulikuwa hujazaliwa. Khabari bibi yako aliletewa na jirani, akaipokea kama aliyeambiwa bei ya samaki. Mchana akatoa sahani sita kabatini, akazipanga juu ya mkeka. Akazitazama. Akainama, akaichukua moja, akaifuta kwa upindo wa kanga ijapokuwa ilikuwa safi, akairudisha kabatini, chini kabisa ya zile nyengine. Halafu akaanza kupakua wali. Tulikula kimya, hata chumvi hakuna aliyethubutu kuiomba. Kamera ingeiona ile sahani. Huzuni kubwa haiwezi kuiona.

Ukitaka kuona wengine wanavyolifanya hilo, BBC wana ukurasa wao wa waandishi, BBC Writers, na humo mna maktaba ya skripti za televisheni, redio na filamu. Kuzishusha ni bure na faili zenyewe ni ndogo. Chagua ya kipindi unachoweza pia kukitazama: soma onyesho moja, litazame, simamisha, rudi kwenye karatasi. Anza na za redio, ingawa wewe unaandika filamu. Mwandishi wa redio hana sura ya mtu wala bahari ya kukuonyesha, kwa hiyo utaona kila neno linavyofanya kazi.

Lakini Kiingereza hicho kitakupa mifupa tu. Nyama iko kwetu. Adam Shafi alitoa riwaya ya Vuta N'kuvute mwaka 1999, na Amil Shivji akaigeuza filamu iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Kitabu unacho, ni nakala yangu uliyoondoka nayo, sijasahau. Soma sura, kisha tazama filamu, na uandike pembeni kilichoachwa na kilichobaki. Nakuahidi utajifunza hapo kuliko kwenye mihadhara yote niliyoisikiliza.

Mihadhara nayo ipo. Brandon Sanderson, mtunzi wa riwaya wa Kimarekani, masomo yake ya chuo kikuu yamewekwa YouTube. Yeye anaandika falme za kubuni na uchawi, mambo ambayo Pemba hatuhitaji kufundishwa, ila anaeleza vizuri namna ya kumuahidi msomaji kitu na kukitimiza. Tazama kwa waifai ya chuo, maana video inakula bando. Scriptnotes, kipindi cha mtandaoni, ni ya kusikiliza tu, nyepesi zaidi: waandishi wawili wa filamu, John August na Craig Mazin, wanazungumza tangu 2011. Wakianza mikataba ya Hollywood, ruka mbele.

Sasa la pesa. Ile hadithi yako ya mchukuzi wa bandarini usiigeuze filamu. Iache hadithi, uipeleke Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Wanapokea maneno 2,000 hadi 5,000, hadithi isiwe imeshachapishwa, na Kiswahili kimo katika lugha wanazozikubali, huna haja ya kuitafsiri. Kuingia hakulipiwi. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500 na mshindi wa jumla 5,000. Miaka ya karibuni mlango umekuwa ukifunguliwa Septemba na kufungwa mwanzo wa Novemba, basi usilale.

Na yeyote atakayekwambia "kazi yako nzuri, lipa tukuchapishie", kabla hujajibu litafute jina lake Writer Beware. Ni ukurasa ulioanzishwa 1998, chini ya chama cha waandishi wa Marekani wa hadithi za kisayansi, na kazi yake ni kuwafichua matapeli wa vitabu. Wa mitaani kwetu hutawakuta humo, lakini hila zao utazitambua moja baada ya moja. Mimi nilizitambua. Sijawahi kukwambia kwamba niliwahi kuandika riwaya. Kabla hujazaliwa nilimpa mtu muswada wangu pamoja na fedha za karafuu za msimu mzima, akaniahidi vitabu 500. Nilichokipata ni jalada, zuri kweli, jina langu kwa rangi ya dhahabu. Ndani hamna kitu. Lipo kwenye sanduku chini ya nguo za Idi, ukija nitakuonyesha. Muswada wenyewe haukurudi, na nakala sikuwa nayo. Kwa hiyo skripti yako jitumie kwa barua pepe kila unapomaliza kuandika, na kabla ya kumpa mtengeneza filamu yeyote, ulizia COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, namna ya kuisajili.

Nimempa nahodha wa jahazi la jirani yetu kifurushi chako, mna samli na karafuu kidogo za chai. Hiyo skripti ya pili nitumie kwenye simu, steshenari wamepandisha bei. Bibi yako anauliza kama naye umemtia. Nimemwambia bado.

Wasalaam,
Baba yako