Mwenye maslahi atoke nje ya kikao

Bwana Mhariri,

Nilikuwa karani wa kamati katika Baraza la Manispaa ya Mombasa, enzi zile kabla ya serikali za kaunti kuja 2013. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao: nani kahudhuria, nani kaomba udhuru, nani kasema nini na saa ngapi. Miaka mingi imepita tangu nistaafu, lakini kuna asubuhi moja pale Treasury Square ambayo siisahau.

Kamati ilikuwa na zabuni ya malori ya kubebea taka. Kabla mwenyekiti hajafungua bahasha ya kwanza, diwani mmoja akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mmoja wa walioomba ni shemeji yangu. Naomba ruhusa nitoke." Akavua miwani, akaitia mfukoni, akaenda zake. Nikaandika kwamba saa nne na dakika kumi diwani huyo alitangaza maslahi yake akaondoka. Kikao kilichukua karibu saa mbili. Nilipotoka nikamkuta kwenye benchi la nje, dafu tupu liko miguuni pake. Hakuniuliza nani kapata. Basi shemeji yake ndiye aliyepata, na sikusikia mtu hata mmoja akinung'unika, si barazani, si kwenye kahawa. Sitadai madiwani wote walikuwa hivyo. Lakini kanuni ilikuwapo, na mimi karani mdogo nilikuwa na safu ya kuiandikia.

Sasa nije kwa ya leo. Mtaani kwetu, na mtaa sitautaja maana sitaki kumhukumu mtu gazetini, tumejengewa mtaro wa maji ya mvua. Twashukuru kwa dhati, kwani masika huku maji huingia mpaka uvunguni. Mtaro ukafunikwa kwa vifuniko vya zege. Haikutimia miezi miwili, kijana wa mkokoteni wa maji akapita na mitungi yake na kifuniko kikakatika chini ya gurudumu. Niliinama nikaokota kipande. Mchanga mtupu, sementi ya kuonjesha, nondo hakuna hata moja. Nikakisugua kwa kidole gumba kikamomonyoka. Yule kijana alisimama akitazama maji aliyokusudia kuuza siku ile yakiteremka ndani ya mtaro, na mama auzaye mahamri hapo kando ndiye aliyemsaidia kuinua mkokoteni.

Kikao cha wananchi kuhusu bajeti kilipoitishwa, nikasimama nikauliza: mwanakandarasi wa mtaro ni nani, na je, kuna yeyote katika walioipitisha kazi hii aliye na uhusiano naye? Ukumbi ulinyamaza. Mheshimiwa wetu, mwakilishi wa wadi, akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee wangu, maendeleo umeyaona kwa macho yako. Haya ya nani na nani yatatuletea fitina." Watu wakapiga makofi. Nikaketi.

Jibu lile limeniuma kuliko kile kifuniko. Kumwuliza kiongozi ana maslahi gani si kumwita mwizi. Mji wetu huu watu wameoana, wamesoma madrasa moja, wamezikana. Kuanzia Likoni hadi Kisauni ukitafuta mwanakandarasi asiye na jamaa hata mmoja serikalini utazunguka sana. Undugu hauna kosa. Kosa ni kunyamaza nao mezani wakati pesa za umma zinagawiwa. Diwani wangu wa lile benchi alimlinda shemeji yake kuliko ambavyo angeweza kumlinda akiwa ndani, kwa sababu shemeji aliipata kazi kwa haki na kila mtu akajua hivyo.

Na sheria hatukukosa. Kifungu cha 75 cha Katiba ya 2010 kinamtaka afisa wa serikali aepuke kabisa mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma, na mwakilishi wadi ni afisa wa serikali kwa maana ya Katiba hiyo hiyo. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mahususi ya mgongano wa maslahi, na EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ndiyo iliyokabidhiwa kuisimamia. Tena kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inayomkataza mwakilishi wadi kujiingiza katika kazi za utendaji za kaunti. Hapa ndipo ningependa wasomaji watulie kidogo. Bunge la kaunti ndilo jicho letu. Linapitisha bajeti, kisha linamwita waziri wa kaunti kumwuliza pesa zimekwenda wapi. Ikiwa mwakilishi ndiye aliyeleta mwanakandarasi, siku vifuniko vikivunjika atamwita nani? Ataulizia kazi ya nani?

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma, ikishatia saini mkataba, iutangaze: ni kazi gani, ni pesa ngapi, kapewa nani, kwa muda gani. Kwa hivyo hata sikupaswa kuuliza. Niliandika barua hata hivyo, kwa mkono, nikaipeleka mwenyewe, nikapigiwa muhuri kwenye nakala yangu. Sheria inawapa siku 21. Leo ni ya 34. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza mhusika yuko mkutanoni, mara ya pili faili iko kwa bosi.

Ninachoomba si tume wala semina hotelini. Wadi za Mombasa ni 30. Kila ofisi ya wadi ibandike ukutani karatasi moja kwa kila mradi, yenye yale manne yanayotakiwa na sheria, na chini yake mstari wa tano: nani alitangaza maslahi akatoka nje wakati kazi hii ikipitishwa. Kama hakuna aliyetangaza, iandikwe hakuna, na wakubwa watie sahihi zao hapo. Mwanakandarasi mwaminifu atafurahi, na yule kijana wa mkokoteni atajua pa kwenda kudai.

Mheshimiwa wangu huenda hana lolote na mtaro ule. Akitamka hivyo hadharani na sahihi yake iko chini, nitakuwa wa kwanza kumpa mkono msikitini. Kwa sasa nakala yangu yenye muhuri ninayo kwenye bahasha, na Jumatatu, inshallah, naipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambako sheria inaniruhusu kulalamika.

Karani mstaafu,
Mombasa